Ini la Baba Halikuwa Limeishiwa na Seli

Hotuba iliyotolewa kwa wakazi katika Maktaba ya Kaloleni, Nairobi, Jumamosi alasiri. Imeandikwa kama ilivyosemwa, bila maswali ya wasikilizaji.

Wazee wangu, kina mama, vijana wa Kaloleni na nyinyi mliovuka kutoka Makongeni, Shauri Moyo na Jericho: salaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote. Walio nyuma tafadhali sogeeni mbele. Nimekuja na kitu ambacho nataka mkione, na atakayependa akiguse.

Hili lililo kwenye beseni ni ini la mbuzi. Nimelichukua asubuhi pale soko la Burma, kwenye kibanda nilichokulia. Baba yangu aliuza nyama pale kwa zaidi ya miaka thelathini, na naona hapa nyuso za watu waliokuwa wakimwambia, "Nipimie nusu, na usinijazie mifupa." Siku hizi mimi hufundisha baiolojia ya seli chuoni na kushinda maabara. Lakini somo langu la kwanza kuhusu ini nilipewa nikiwa na miaka tisa, nimesimama juu ya kreti ya soda ili niifikie meza ya kukatia nyama.

Baba alinifundisha kusikiliza kisu. Ini zima likikatwa, kisu huteleza, husikii kitu. Ini la ng'ombe aliyekaa na minyoo ya ini muda mrefu hukwaruza kisu kana kwamba kinapita kwenye mchanga, kwa sababu mifereji ya nyongo imekakamaa na mingine imeingia chokaa. "Sikiza," baba alikuwa akiniambia, "hili limechoka." Mkaguzi wa nyama hulikataa ini kama hilo, likatupwa. Nikakua nikiamini kwamba ini huchoka, kama nguo inavyochakaa. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba maini yale hayakuwa yamechoka. Yalikuwa yamefungwa na makovu.

Mwaka wa 2009 baba mwenyewe alianza kuugua. Kwanza uchovu, kisha miguu kuvimba, kisha tumbo likajaa maji na macho yakawa ya manjano. Hospitalini tukaambiwa ini lake limesinyaa, na kwamba amekuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, pengine tangu utotoni. Tukiwa bado tunatafuta la kufanya, akatujia wakala wa kliniki moja ya ng'ambo. Akaketi sebuleni kwetu, akanywa chai, akasema hivi, na maneno yake nayakumbuka yote: "Ini la mzee limeishiwa na seli. Tutamwekea seli shina, nazo zitaota ini jipya." Tuliuza kiploti cha Kitengela. Baba akasafiri, akadungwa, akarudi. Miezi saba baadaye tulimzika.

Wahenga waliweka uchungu kwenye ini. Mtu akiumizwa mno husema amekatwa maini. Maneno ya yule mtu yalinikata maini siku nyingi baadaye, nilipoanza kuelewa yalivyokuwa hayana msingi. Sitamtaja yeye wala kliniki yake. Nataka tu tulichukue neno lake moja baada ya jingine, maana naambiwa watu wa namna yake bado wanapita mitaani kwetu, na sasa wana video kwenye simu.

Tuanze na seli shina yenyewe. Mama akishakanda unga, lile donge bado laweza kuwa chapati, laweza kuwa mandazi, laweza kuwa mahamri. Likishaingia kwenye mafuta, limeamua. Seli nyingi za mwili wako zimeshaingia kwenye mafuta: hii ni ya ngozi, hii ni ya msuli, hii ni ya ini. Seli shina ni ile iliyobaki donge. Yaweza kujigawa ikaongezeka, na yaweza kuambiwa iwe kitu fulani. Lishikeni hilo neno, kuambiwa.

Sasa tukate ini. Mwaka 1931 watafiti wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, walieleza namna ya kumpasua panya na kumwondolea theluthi mbili za ini lake. Panya hafi. Baada ya wiki moja hadi mbili, ini lake huwa limerudi karibu uzito uleule wa mwanzo. Upasuaji huo tunaufanya maabara hadi leo, kwa mtindo uleule. Kwa binadamu pia ni hivyo. Mmechanga katika harambee za kupeleka mgonjwa India, mnajua: ndugu aliye mzima anaweza kumkatia mwenzake hadi kama asilimia 60 ya ini lake, na baada ya miezi michache wote wawili wana ini linalowatosha.

Watu hufananisha jambo hili na mkia wa mjusi. Mkia wa mjusi ukikatika, mwingine huota palepale. Ini halifanyi hivyo, na tofauti hii ni kubwa. Lile pande lililokatwa halirudi kamwe. Mapande yaliyobaki ndiyo yanayonenepa mpaka uzito utimie. Na nani anayefanya kazi hiyo ya kunenepesha? Hapa ndipo wanafunzi wangu hushtuka. Ni seli za kawaida za ini, zilezile zilizokuwa jana zikitengeneza nyongo, zikihifadhi sukari na kusafisha damu. Huweka kazi chini kidogo, zinavimba, zinajigawa mara moja, nyingine mara mbili, kisha zinarudi kazini. Fanya hesabu: ukibaki na theluthi moja, huhitaji hata kila seli kujigawa mara mbili ili ufikie ukamilifu. Seli shina haikuitwa. Haikuhitajika.

Kwa hivyo ini lililokatwa halihitaji kuletewa seli. Linahitaji kupata habari.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika somo hili ni la mwaka 1967, la Moolten na Bucher. Waliunganisha mishipa ya damu ya panya wawili, damu ya huyu ikapita kwa yule na ya yule ikapita kwa huyu. Kisha wakamkata ini panya mmoja. Ini la yule mwingine, ambalo halikuguswa na kisu, likaanza kunakili DNA yake, likijiandaa kujigawa. Fikirini hilo. Ni kama jirani amefiwa usiku, na asubuhi wewe umeshabandika sufuria kubwa jikoni, kwa sababu habari imekufikia. Ndani ya damu kulikuwa na ujumbe.

Kazi ya miaka mingi iliyofuata imekuwa kuutafuta ujumbe huo. Mmoja katika walioupata alikuwa Mjapani, Nakamura, mwaka 1984: protini tunayoiita kwa herufi HGF, inayoziamuru seli za ini kujigawa. Kiasi kizuri cha protini hii kimehifadhiwa ndani ya ini lenyewe, kimeshikizwa kwenye nyuzi zinazozizunguka seli, kikingojea siku ya hatari. Lakini HGF haiji peke yake. Ini likikatwa, damu yote inayotoka matumboni, iliyokuwa ikigawanywa katika ini zima, sasa inalazimika kupita katika theluthi iliyobaki. Kuta za mishipa zinausikia mkandamizo huo. Kando yake kuna seli za Kupffer, ambazo ni walinzi wa ini, aina ya makrofaji, yaani seli zinazomeza uchafu. Hizo zinatoa ujumbe uitwao IL-6, unaoziamsha seli za ini zilizolala. Mwaka 1996 ilionekana kwamba panya aliyezaliwa bila IL-6 anashindwa kulirudisha ini vizuri. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata, zinaleta serotonini, na hiyo pia inahitajika. Hilo lilijulikana mwaka 2006. Mwaka 2010 ikaonyeshwa kwamba hata seli zinazotandaza kuta za mishipa midogo ya damu hutuma amri zao. Kwa panya, ndani ya saa 24 hivi unakili wa DNA umefika kileleni. Saa 24! Sisi harambee ya kumzika mtu hutuchukua wiki.

Sasa, swali ambalo fundi yeyote wa nyumba angeliuliza: ini linajuaje limetosha? Maana kitu kinachojua kukua tu bila kujua kusimama tunakiita saratani.

Hapa inabidi niwaambie habari za nzi. Wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva sana wamefugwa maabara kwa zaidi ya miaka mia moja. Jeni moja ikiharibika kwa nzi, watafiti huipa jina kwa kasoro inayoonekana. Kuna nzi ambaye kingo za mabawa yake zina pengo. Jeni yake ikaitwa Notch, yaani pengo. Kuna asiye na mabawa kabisa. Jeni yake ikaitwa Wingless, yaani bila mabawa, na jina hilo limo ndani ya neno Wnt, ukoo wa protini ambazo mtazisikia sana leo. Na mwaka 2003 maabara kadhaa zilimpata nzi ambaye nyama ya kichwa chake imekua kupita kiasi, ikajikunja mikunjo kama ngozi ya kiboko. Hiyo jeni ikaitwa Hippo. Kiboko. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nikiwa mbali na nyumbani, baridi kali nje, nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani.

Kiboko ndiye anayemwambia kiungo "basi." Akinyamaza, protini inayoitwa YAP inaingia kwenye kiini cha seli na kuamuru kujigawa kusikokoma. Mwaka 2007 panya waliotiwa YAP nyingi kwenye ini, ini lao lilikua kutoka asilimia 5 ya uzito wa mwili hadi asilimia 25. Robo ya panya ikawa ini! YAP ikizimwa mapema, ini linapungua tena. Ikiachwa, uvimbe wa saratani unatokea. Nzi na panya na mimi na wewe tunatumia sauti zilezile. Hili kwangu ni jambo la kustaajabisha kuliko miujiza mingi ninayohubiriwa.

Mpaka hapo nimeeleza ini lenye afya lililokatwa. La baba halikuwa hivyo. Lake lilikuwa likiumizwa kidogo kidogo, kila siku, kwa miaka arobaini au zaidi. Na hapo ndipo seli shina, au tuseme seli zinazofanana nazo, zinaingia katika hadithi.

Ini likiumizwa hivyo, seli zake zinakufa na zilizobaki zinajigawa kufidia, zinakufa tena, zinafidia tena, mpaka nyingi hazitaki tena kujigawa. Wakati huo, kandokando ya mifereji midogo ya nyongo, zinajitokeza seli nyingine. Mwaka 1956 Farber aliziona kwa panya akaziita kwa umbo lao, umbo la yai. Ni seli za akiba. Zimesimama njia panda: zinaweza kuwa ukuta wa mfereji wa nyongo, au zinaweza kuwa seli kamili za ini. Zikichukua njia ya kwanza, ini hujaa mifereji mipya lisiyoihitaji; zikichukua ya pili, hupata wafanyakazi wapya. Nani anaziambia zipite wapi?

Mwaka 2012 kikundi cha watafiti wa Edinburgh, Uskoti, kilitoa jibu ambalo nililisoma mara tatu usiku mmoja. Pembeni mwa seli za akiba kuna seli zinazotengeneza makovu. Hizo zikizigusa seli za akiba, zinazipa ishara ya Notch, ile ya pengo, na ishara hiyo husema: kuwa mfereji. Upande wa pili kuna makrofaji. Makrofaji huja kuzoa mabaki ya seli za ini zilizokufa, huyameza. Na akishayameza anabadilika: anaanza kutoa Wnt. Seli ya akiba ikiisikia Wnt, inaizima Notch, na inakuwa seli ya ini. Watafiti walipowaondoa makrofaji, seli za akiba zilirudi kwenye njia ya mifereji.

Nataka mlione jambo hili polepole. Anayezika maiti ndiye anayetoa idhini ya kuzaliwa kwa mpya. Mpaka mabaki yazolewe, neno halitoki. Seli ya akiba ilikuwepo muda wote, ikingoja pale njia panda, na kilichokosekana ni msemaji mmoja.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2017, jaribio jingine lilizizuia kabisa seli za ini za panya zisijigawe. Hapo seli za mifereji ya nyongo ziliingia kazini na kuwa seli za ini zinazofanya kazi. Seli za ini zikiwa zinaweza kujigawa, akiba hiyo haiguswi sana. Ini lina utaratibu: walio kazini kwanza, akiba baadaye.

Kuna ubishi hapa, na sipendi kuwaficha ubishi. Mwaka 2015 kikundi cha Nusse, mmoja wa wawili walioigundua jeni ya kwanza ya Wnt kwa panya mwaka 1982, kilisema seli zilizo karibu na mshipa wa katikati ya kila kipande kidogo cha ini, zinazopokea Wnt kutoka kwa mshipa huo, ndizo zinazozaa nyingine katika maisha ya kawaida. Wengine wakaja baadaye wakasema hapana, zile za eneo la kati ndizo zinazojigawa zaidi. Mimi naegemea kwa hao wa pili, lakini tofauti hiyo haibadilishi ninachokuja kusema. Kinachonigusa zaidi ni kazi ya mwaka 2022 kutoka Dresden, Ujerumani. Walipima kaboni-14 iliyosambaa hewani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia ya karne iliyopita na kuingia katika DNA ya watu, wakapata umri wa seli za ini. Wastani ni chini ya miaka mitatu. Kwa kijana, chini ya miaka mitatu. Kwa mzee wa miaka themanini, chini ya miaka mitatu. Mzee Juma uliyeketi pale dirishani, ini lako ni la mtoto ambaye hajaanza shule.

Kwa hivyo neno la kwanza la yule wakala, kwamba ini la mzee limeishiwa na seli, halikuwa kweli. Zilikuwepo za kazi na za akiba.

Neno lake la pili, kwamba zikidungwa zitaota ini jipya. Seli zinazouzwa sana katika kliniki hizo ni zile za uboho au za mafuta ya mwili. Ukizidunga kwenye mshipa, nyingi zinanaswa kwenye mapafu na kutoweka baada ya siku chache. Hata pale zinapomsaidia mnyama wa maabara, kinachosaidia hasa ni protini na vijifuko vidogo zinavyotoa, yaani ujumbe wake. Ni chache mno zinazogeuka seli za ini. Uingereza walifanya jaribio la haki kwa wagonjwa 81 wenye ini lililosinyaa: kundi moja lilipata tiba ya kawaida, jingine dawa ya kuzitoa seli shina kwenye uboho, la tatu dawa hiyo pamoja na kurudishiwa seli shina zao wenyewe. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Hali ya ini haikuwa bora kwa waliodungwa, na madhara yaliwapata wao zaidi. Majibu haya yalipatikana bila mgonjwa kuuza shamba, na yalitangazwa wazi ingawa hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sisemi hakuna tumaini. Nisingekesha maabara kama hakuna. Mwaka 2013 Takebe na wenzake Japani walichanganya seli za ini changa zilizotokana na seli shina, seli za mishipa ya damu na seli za tishu unganishi. Zikajikusanya zenyewe zikawa chipukizi la ini, na lilipopandikizwa kwa panya likaunganika na damu yake. Angalieni kilichofanya kazi: hazikuwekwa peke yake, ziliwekwa pamoja na majirani wa kuzisemesha. Na wale wa Edinburgh wanachukua damu ya mgonjwa, wanaikuza ndani yake makrofaji, wanamrudishia. Mwaka 2019 walieleza walivyoanza na watu tisa ili kuona kama ni salama. Hatua ndogo, na mimi ndizo ninazoziamini. Kwa nini ndogo? Kwa sababu sauti hizi hizi za kukuza ndizo saratani inazoziiba. Katika kila saratani tatu za seli za ini, karibu moja ina hitilafu kwenye jeni inayoipokea amri ya Wnt, kiasi kwamba seli inasikia "kua, kua" hata pasipo msemaji. Mtu anayekuahidi kuamsha ini lako kwa sindano moja, muulize ataliambiaje linyamaze.

Turudi kwenye kisu kinachokwaruza.

Ndani ya ini kuna seli zenye umbo la nyota, ambazo Kupffer alizieleza mwaka 1876. Kazi yake ya kila siku ni kuhifadhi vitamini A. Ini likiumia, zinaacha kazi hiyo na kusuka nyuzi za kolajeni ili kuziba jeraha. Jeraha likiwa moja na likapona, nyuzi hizo huyeyushwa. Likiwa la kila siku, seli za nyota hazipati nafasi ya kupumzika. Nyuzi juu ya nyuzi, mpaka ini linakuwa gumu. Na ugumu wenyewe unakuwa ujumbe: seli za nyota zikiusikia zinasuka zaidi. Damu haipiti vizuri, makrofaji anazidiwa, Notch inasikika kuliko Wnt. Ini la baba lilikuwa na wafanyakazi na lilikuwa na akiba, lakini ndani yake palikuwa na makelele, na mwenye kuyapiga alikuwa kirusi ambaye hakuna aliyekuwa amemnyamazisha.

Alikuwa anaweza kunyamazishwa. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Kuna tembe inaitwa tenofovir. Wengi mnaijua kwa sababu imo ndani ya ARV. Ilishaidhinishwa kwa homa ya ini B tangu 2008. Haimfukuzi kirusi mwilini, kwa hivyo humezwa kwa miaka na haikatizwi bila daktari, lakini humzuia kuzaana. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa walioimeza miaka mitano, wakachukuliwa kipande cha ini mwanzoni na mwishoni. Kati yao, 96 walianza wakiwa na ini lililosinyaa kama la baba. Baada ya miaka mitano, 71 kati ya hao hawakuwa nalo tena. Hakuna aliyewadunga seli. Kirusi kilinyamazishwa, na ini likasikilizana lenyewe: makovu yakayeyushwa, seli zikajigawa. Sisemi baba angepona, alikuwa amefika mbali. Nasema tuliuza shamba kununua seli asizozihitaji, na hakuna aliyetuambia juu ya tembe.

Kuna wapiga makelele wengine, na hao nitawapitia haraka kwa sababu mnawajua. Pombe, hasa ya kila siku. Mafuta yanayojaa kwenye ini kwa unene na kisukari. Na sumukuvu, ile sumu ya ukungu: mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, mahindi yaliyovundia yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, na waliokufa walikufa kwa ini kushindwa kufanya kazi. Kwa kiasi kidogo kidogo haiui mara moja, ila mwenye virusi vya B akila sumukuvu miaka nenda miaka rudi, hatari ya saratani ya ini inaongezeka maradufu na zaidi. Mama anayenunua gunia sokoni Gikomba au analetewa na ndugu kutoka ushago, mahindi yakiwa na ukungu usiwape kuku wala usiyachanganye na mazuri ili yasionekane.

Watoto waliozaliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanapata chanjo ya homa ya ini B ndani ya ile sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sisi tuliozaliwa kabla hatukupata. Wengi wetu hapa ndani hatujui hali zetu, na kirusi hiki hakiumi mpaka siku za mwisho.

Baada ya mazishi ya baba tulikwenda kupimwa, watoto wote watano. Nilisimamia mimi, kwa hasira zaidi kuliko kwa hekima. Wanne tulikuwa salama, tukachanjwa. Dada yangu mkubwa alikutwa na kirusi, na ini lake lilikuwa limeanza kukakamaa. Alikuwa hasikii maumivu yoyote. Alitaka kukataa dawa, akisema baba alitumia kila kitu na akafa. Tuliketi jikoni kwake usiku huo, nikamchorea kwa kalamu na karatasi vitu hivi vyote nilivyowaeleza, nzi na kiboko na makrofaji anayezika. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hivyo langu bado linaongea?" Nikamwambia ndiyo.

Anameza tembe yake kila usiku baada ya taarifa ya habari, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kipimo cha ugumu wa ini alichofanyiwa mwezi Machi kilikuwa karibu na cha mtu asiye na ugonjwa. Kibanda cha Burma ni chake sasa. Ndiye aliyenikatia ini hili asubuhi, na kabla ya kulifunga alilichanja mara moja kwa ncha ya kisu, akainamisha sikio kama baba alivyokuwa akifanya, kisha akaniambia, "Peleka. Hili halina kelele."